Kutoka Vyungu vya Fumba hadi Santuri za Bombay: Maisha ya Siti binti Saad

Wiki chache zilizopita kulizuka ubishi chumbani kwetu hosteli. Mwenzetu mmoja alikuwa anaangalia video mpya ya msanii wa kike kwenye simu, tukajazana wasichana sita juu ya kitanda kimoja kuangalia naye. Dakika tano hazijaisha, hakuna aliyekuwa anazungumzia wimbo. Tulikuwa kwenye nguo, kwenye umbo, kwenye nani anamlipia kodi ya nyumba, na ameachika mara ngapi. Video iliyofuata ilikuwa ya msanii wa kiume. Hapo, jamani, tukageuka wachambuzi kwelikweli: mashairi, midundo, sauti ya pili. Yeye hatukumuuliza habari za wake zake. Na mimi nisijitoe, nilichangia kama wengine.

Usiku ule usingizi ulipokataa nikamkumbuka mwanamke aliyepimwa kwa mizani hiyohiyo miaka mia moja iliyopita. Wengi wetu jina lake tunalijua. Tumelisikia shuleni kwa sababu Shaaban Robert aliandika kitabu juu yake, tukakariri mwaka na mhusika mkuu kwa ajili ya mtihani, basi. Maisha yenyewe yametupita. Kwa hiyo leo, kabla hujarudi kwenye simu yako, nipe nafasi nikusimulie habari za Siti binti Saad.

Alizaliwa karibu na mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji wa Zanzibar. Baba yake, Saad, alikuwa Mnyamwezi, na mama yake Mzigua. Wote wawili walikuwa watu wa bara katika kisiwa ambacho wakati ule mtu wa bara maana yake ilikuwa moja tu machoni pa wakubwa: mtumwa, au mtoto wa mtumwa. Jina alilopewa alipozaliwa linatosha kueleza yote. Aliitwa Mtumwa. Hebu fikiria mtoto anaitwa hivyo kisimani, anaitwa hivyo shambani, anaitwa hivyo na wenzake wakicheza. Kabla hajafungua mdomo kusema lolote, jina lilikwisha kumsemea.

Zanzibar ya utoto wake ilikuwa nchi ya karafuu na ya sultani, na kuanzia 1890 Waingereza wakaiweka chini ya himaya yao. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1897. Lakini sheria ile iliwaacha nje masuria, yaani wanawake watumwa waliowekwa kinyumba na mabwana zao. Hao walisubiri mpaka 1909. Hapo napenda tutulie kidogo. Watunga sheria walikubali kwamba mtu asimilikiwe na mtu, ila mwanamke aliye kitandani mwa bwana wake wakaona suala lake ni la ndani ya nyumba, lisiguswe. Miaka kumi na miwili ilipita kati ya uhuru wa kwanza na wa pili. Ukitaka kujua kwa nini wanaharakati wanasema mambo ya chumbani nayo ni siasa, mfano huu hauhitaji nadharia kutoka mbali.

Fumba wanawake walifinyanga vyungu, na Mtumwa alikua akiifanya kazi hiyo. Alichimba udongo, akaufinyanga, akachoma vyungu, kisha akavibeba kichwani na kutembea navyo kwa miguu hadi mjini kuviuza. Ukienda Fumba leo kwa gari huoni umbali, lakini mtembee mtu na mzigo wa vyungu kichwani juani, ndipo atajua. Barabarani alinadi bidhaa yake kwa kuimba. Hapo ndipo wasimulizi wote wanapokutana: sauti yake ilifika kabla yake. Watu walijua muuza vyungu anakuja wakati yeye mwenyewe bado hajaonekana kwenye kona. Shule hakusoma, wala chuo cha Kurani hakupelekwa utotoni, maana elimu haikuwa ya watoto wa kike wa tabaka lake. Mtaji wake ulikuwa mikono na koo.

Aliolewa, akazaa binti, akaachika. Nayasema haya kwa mkato kwa sababu ndivyo yalivyokuwa, ni sehemu ya maisha kama kupanda na kuvuna. Lakini mwanamke aliyeachika, mwenye mtoto, asiye na shamba wala elimu, alikuwa na njia chache sana mbele yake. Mwaka 1911, akiwa na umri wa miaka thelathini hivi, aliamua kuhamia mjini moja kwa moja.

Watu wanapoisimulia safari hiyo huifanya nyepesi, kana kwamba alikwenda kutafuta ustaa. Ustaa gani? Mwaka 1911 hakuna mwanamke wa Kiswahili aliyekuwa akiishi kwa kuimba muziki ule anaokuja kuuimba. Taarabu Zanzibar ilianzia ikulu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka kijana mmoja Misri akajifunze muziki, akarudi na elimu ya ganuni, na tangu hapo taarabu ikawa burudani ya jumba la kifalme. Iliimbwa kwa Kiarabu, na wanaume, mbele ya watu wenye vyeo. Mwaka 1905 mabwana wa mjini waliunda klabu yao ya Nadi Ikhwan Safaa, ambayo ipo mpaka leo. Klabu ile nayo ilikuwa ya wanaume. Sasa mwanamke mfinyanzi, mtoto wa mtumwa, asiyejua Kiarabu, atapita mlango gani?

Alipita mlango wa mtu mmoja aitwaye Ali Muhsin, mwanamuziki wa klabu hiyo. Alisikia sauti yake, akakubali kumfundisha kuimba kwa ala na kuimba kwa Kiarabu. Siti alikuwa mwanafunzi mgumu kuchoka. Vitu alivyokosa kuvisoma utotoni alivishika kwa sikio ukubwani, mpaka akaweza kuimba kasida za Kiarabu zikawatoa jasho wenye lugha yao. Baadaye akaungana na wanamuziki walioshirikiana naye kwa miaka mingi: Subeit bin Ambar, Mbaruk Talsam, Budda bin Swedi na Mwalim Shaaban. Wapigaji walikuwa wanaume, mbele yao ameketi mwanamke, na kundi linajulikana kwa jina la mwanamke huyo.

Jina lenyewe lilikuwa limekwisha kubadilika. Mjini hakuitwa tena Mtumwa. Aliitwa Siti, neno lenye asili ya Kiarabu lenye maana ya bibi, mwanamke wa heshima. Kubadili jina hakukuwa jambo lake peke yake. Miaka ile Zanzibar nzima ya watu wa chini ilikuwa inajivua majina na nguo za utumwa. Wanawake waliokuwa wamelazimika kuvaa kaniki waliitupa, wakajifunga kanga za rangi, na wengi wakavaa buibui ambalo kabla ya hapo lilikuwa alama ya mabibi wa majumba makubwa. Sisi leo tukiona buibui tunakimbilia kubishana kama ni kufungwa au ni kujisitiri. Kwa binti wa mtumwa wa wakati ule, kulivaa kulikuwa na ujumbe mwingine: na mimi pia nina haki ya kustahiwa, mwili wangu si wa kila mpita njia. Ukisoma historia ya mavazi bila kuuliza nani alikatazwa kuvaa nini, unakosa nusu ya habari.

Wakubwa hawakufurahi wote. Wengine walimwalika aimbe kwenye harusi zao na hata ikulu aliimba, lakini waliobaki walimtolea kejeli. Kulikuwa na wimbo wa kumsimanga uliozunguka mjini, ukimkumbusha kwamba alitoka shamba na kaniki yake, na kwamba isingekuwa koo lake asingepata hata cha kutia tumboni. Wengine walishikilia sura. Siti hakuhesabiwa miongoni mwa warembo kwa vipimo vya mjini wakati ule, na watu walihakikisha analijua hilo. Angalia silaha zilizotumika: uzao, umasikini, sura. Hakuna aliyethubutu kusema hajui kuimba, maana hilo lisingesimama. Mwanamke akishindikana kwenye kazi yake, hushambuliwa kwenye mwili wake. Zile dakika tano zetu hosteli, kumbe tulikuwa tunaendeleza mila ya zamani sana.

Siti alijibu kwa wimbo. Alisema, kwa ufupi, kwamba uzuri wa sura na ukubwa wa ukoo si vitu vya kujivunia, na kwamba aibu ya kweli ni kukosa akili. Jibu lile lilienea kuliko kejeli yenyewe, na ndilo lililobaki midomoni mwa watu. Kwa mtu aliyewahi kusikiliza taarabu ya kinamama hili halishangazi. Kujibizana kwa wimbo ni sanaa yenye kanuni zake: humtaji mtu, unarusha neno, na mwenye kidonda anajijua. Mipasho tunayoisikia leo kwenye taarabu ya kisasa ina ukoo mrefu.

Makao yake yalikuwa Ng'ambo, upande wa pili wa hori uliotenganisha Mji Mkongwe na mitaa ya watu wa chini. Ng'ambo ilijaa watumwa wa zamani, vibarua, wachukuzi, wavuvi, wauza vitumbua na wanawake waliokimbilia mjini kama yeye. Nyumba zilikuwa za udongo, zimejengwa juu ya viwanja vya watu wengine, na mwaka 1928 wakazi waligoma kulipa kodi ya viwanja hivyo. Wanawake walikuwa mstari wa mbele katika sakata lile. Huyo ndiye jirani yake Siti, na huyo ndiye msikilizaji wake. Jioni, akiwa hajaalikwa kwa wakubwa, nyumba yake ilikuwa baraza. Watu walikusanyika, wakapeana habari za siku: kesi gani imesikilizwa, karani gani amekula fedha za watu, nani kamfanyia nini nani. Siti na wenzake walizigeuza habari zile kuwa nyimbo kwa Kiswahili cha mtaani. Nyimbo zilitungwa kwa pamoja, kila mmoja akitia neno, hivyo tusidai kwamba kila shairi ni lake peke yake. Lakini sauti iliyozipeleka kwa watu ilikuwa yake.

Hapo ndipo taarabu ilipotoka ikulu ikashuka mtaani, ikabadili lugha na ikabadili mada.

Mwezi Machi 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwasafirisha Siti na wenzake kwa meli hadi Bombay, India, kurekodi santuri. Alikuwa na umri wa karibu miaka hamsini. Wanamuziki wetu wa leo wakifika thelathini na tano tunaanza kuwauliza watastaafu lini, hasa wakiwa wanawake, sasa wewe piga hesabu. Alikuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kutiwa sauti yake kwenye santuri. Kampuni ilitegemea biashara ya kawaida, lakini ilichokipata kiliwashangaza wenyewe. Santuri ziliuzika kwa makumi ya maelfu ndani ya miaka michache. Kundi likarudi kurekodi tena, na kampuni nyingine nazo zikajitokeza kutafuta waimbaji wa Kiswahili. Migahawa ya Lamu, Mombasa, Tanga na Dar es Salaam ilinunua gramafoni ili wateja wakae wasikilize. Mtu asiye na senti ya kununua santuri alisimama nje ya mlango akasikiliza bure.

Tafakari maana yake. Kabla ya hapo ukisikia Kiswahili kimetoka kwenye chombo chochote cha kisasa, kilikuwa cha mmisionari, cha serikali au cha mwalimu. Sasa kinatoka kwenye gramafoni, na anayekisema ni mwanamke asiyejua kusoma, mtoto wa watumwa, anaimba juu ya mapenzi, wivu, dhuluma na mahakama. Aliimba mapenzi bila kuona haya, kwa mafumbo yale ambayo mwari hufundishwa na somo wake, ambapo tunda si tunda na chombo si chombo. Matamanio ya mwanamke yalikuwa na lugha tangu zamani, ila ilikuwa lugha ya faragha, ya kinamama wenyewe kwa wenyewe. Santuri iliitoa uwanjani bila kuivua nguo.

Lakini wimbo ninaotaka tukae nao zaidi hauhusu mapenzi. Unaitwa Kijiti. Kila nikiufikiria naona umeandikwa kwa ajili ya kampasi.

Unatokana na tukio la kweli la miaka ya 1920. Mwanamke mmoja alitoka Dar es Salaam kuja Zanzibar kutembea. Akiwa mgeni, alitoka na wanawake wenzake kwenda kwenye ngoma nje ya mji, upande wa Chukwani. Mwanaume aitwaye Kijiti alikuwa nao. Mgeni yule hakurudi hai, Kijiti alimuua. Wimbo unatuambia marehemu alikuwa mjamzito, kwa hiyo zilikuwa roho mbili. Kijiti akakimbilia bara, akawa ameponyoka mkono wa sheria. Wale wanawake waliotoka na marehemu wakaenda mahakamani kutoa ushahidi. Nini kiliwapata? Jaji wa kikoloni aliwafokea wao. Waliotiwa hatiani siku ile ni wanawake wawili mashahidi, kwa sababu ya pombe iliyokuwemo kwenye matembezi yale. Muuaji yuko huru, walioshuhudia wanaadhibiwa.

Sasa angalia namna Siti na kundi lake walivyousimulia mkasa huu. Wangeweza kumsafisha marehemu. Ndivyo wengi tunavyofanya tukitaka mtu aonewe huruma: tunasema alikuwa binti mtulivu, alikuwa anatoka kanisani, alikuwa anatoka msikitini, alivaa vizuri, hajawahi kuonja pombe. Wao hawakufanya hivyo. Wimbo unakiri yote. Unakiri kwamba walitoka nyumbani bila kuaga. Unakiri kwamba pombe kali ilikuwamo kikapuni. Kuna mahali marehemu mwenyewe anapewa sauti, anajuta kukubali kumfuata mwanaume yule. Halafu, baada ya kukiri hayo yote, wimbo unageuka na kumlaani muuaji na kumshangaa jaji. Hakuna mahali unaposema kwamba basi, kwa kuwa alikunywa, au kwa kuwa hakuaga, yaliyompata ni halali yake.

Hilo ndilo jambo ambalo mimi binafsi nalichukua kutoka maisha ya Siti binti Saad, kuliko vyungu na kuliko Bombay. Alisisitiza kwamba mwanamke hahitaji kuwa msafi kama malaika ndipo adhulumiwe. Dhuluma ni dhuluma hata kama aliyedhulumiwa alikuwa na chupa mkononi saa sita ya usiku. Mahakama ya mkoloni haikuliona hilo. Mtaa wa Ng'ambo ulikataa hukumu ile, ukatoa yake kwa wimbo, na hukumu ya wimbo imeishi muda mrefu kuliko ya jaji. Jina la jaji yule nani analikumbuka? Jina la Kijiti linalaaniwa mpaka leo.

Kwa nini nasema ni wimbo wa kampasi? Kwa sababu sote tunazijua stori zetu. Msichana anaitwa ofisini kwa mhadhiri jioni kufuatilia alama za kozi iliyopotea. Sheria ya nchi iko wazi: tangu 2007, Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa inaitaja rushwa ya ngono kuwa kosa la jinai, kifungu cha 25. Lakini kabla sheria haijafika, sisi wenyewe tumekwisha kumhukumu. Tunauliza alikwenda kufanya nini saa zile. Alivaaje. Kwani hakujua tabia za yule. Mbona mwaka wa kwanza alikuwa na nani yule. Mwaka jana mwenzetu mmoja alijaribu kusema jambo lililomkuta. Sitasema wapi wala nani. Wa kwanza kumnyamazisha hawakuwa wakubwa. Tulikuwa sisi, kwenye kundi la WhatsApp, kwa vikaragosi vya kucheka. Rafiki aliyemsindikiza kwenda kulalamika naye akapewa jina baya. Soma tena kisa cha Kijiti uone nani alifungwa.

Nisimfanye Siti kuwa mtakatifu, maana nitakuwa nimevunja somo lake mwenyewe. Waliobobea katika masuala ya jinsia wana maswali ya haki juu yake. Alipanda kwa ngazi iliyokuwa mikononi mwa wanaume: mwalimu mwanaume, klabu ya wanaume, kampuni ya wazungu. Alijipatia heshima kwa kuchukua alama za waliokuwa juu yake, Kiarabu chao, nguo zao, jina lao. Mtu anaweza kuuliza, je, alivunja nyumba ya ubwana au alitafuta chumba ndani yake? Nadhani alifanya yote mawili, kama tunavyofanya wengi tunaotafuta digrii katika taasisi ambazo hatukuzijenga. Tofauti ni kwamba alipopata chumba aliuacha mlango wazi. Kila jioni Ng'ambo iliingia.

Neno la kudai usawa wa kijinsia kama tunavyolitumia semina hakulijua. Hakuhitaji kulijua ili ayajue mambo yenyewe. Kuna wakati tunabishana kama harakati hizi zimeletwa kutoka Ulaya, kana kwamba bibi zetu walikaa kimya wakisubiri barua. Santuri za 1928 zipo. Mwenye masikio asikilize.

Miaka ya mwisho aliimba kwa uchache. Santuri zilikuwa zimepungua kasi baada ya mdororo wa uchumi duniani na vita kuu, na umri nao ulikuwa umekwenda. Mwanzoni mwa 1950 Shaaban Robert alikutana naye, akaketi naye na kuandika habari za maisha yake. Kati ya waandishi wote wa Kiswahili na watu wote wakubwa wa zama zile, mwandishi mashuhuri kuliko wote alichagua kuandika wasifu wa mwimbaji wa kike aliyezaliwa na jina la Mtumwa. Wasifu wa Siti binti Saad ulichapishwa mwaka 1958. Mwenyewe hakuuona. Alifariki tarehe 8 Julai 1950.

Lakini jina halikuzikwa. Bi Kidude, Fatuma binti Baraka, alizibeba nyimbo za Siti kwa miongo mingi mpaka alipofariki Aprili 2013, akiwa mkongwe ambaye hakuna aliyekuwa na hakika ya umri wake. Naye alikuwa ngariba wa maneno: mwimbaji wa taarabu, mwalimu wa unyago, mvuta sigara hadharani, na hakuomba radhi kwa lolote kati ya hayo. Na Chama cha Waandishi wa Habari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilichoanzishwa 1987, kilipotaka jina la jarida lake kiliita Sauti ya Siti. Waandishi wale walielewa vizuri kazi ya Siti ilikuwa nini. Ilikuwa uandishi wa habari wa watu wasiojua kusoma.

Turudi hosteli. Jumapili iliyopita tulijazana tena kwenye kitanda kilekile, nikawawekea rekodi ya zamani ya Siti, ile yenye mikwaruzo kiasi kwamba dakika ya kwanza unadhani spika imeharibika. Mmoja aliuliza kama kuna picha yake. Nikamwambia ipo, lakini kwanza tumalize wimbo. Tukaumaliza. Kisha yakaanza maswali: huyu anayelaaniwa ni nani, na wale wanawake wawili walikosea nini hasa. Tulibishana mpaka taa za korido zikazimwa, na mmoja wetu, yule aliyecheka sana kwenye kundi mwaka jana, alikaa kimya muda mrefu. Asubuhi nikamwona anaandika ujumbe, anaufuta, anaandika tena. Sikumuuliza anamwandikia nani.

Picha tuliisahau.